Spoketi mbili au tatu mbele? Anza na mlima unaokushinda

Mtu akiniuliza anunue kranki ya baiskeli, yaani mikono ya pedali pamoja na spoketi (magurudumu ya meno) za mbele, yenye spoketi mbili au yenye tatu, namuuliza kwanza: ule mlima unaokutesa kuliko yote, unaupanda kwa kasi gani? Wengi hawajui. Wanajua bei, wanajua rangi, wanajua rafiki yao anatumia nini, lakini hawajawahi kutazama kasi yao pale pumzi inapokata. Ndiyo maana watu wanatoa spoketi tatu zilizokuwa zinawafaa, wanafunga mbili kwa kuwa ndiyo mtindo, kisha wanashuka na kuisukuma baiskeli mahali walipokuwa wakipanda wakiwa wamekaa.

Idadi ya spoketi haitakiwi kuwa swali la kwanza. Kwanza tafuta gia nyepesi unayoihitaji, kisha angalia ni kranki gani inakupa gia hiyo bila kukuharibia mengine. Hesabu yake ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

Hatua ya 1: Hesabu meno uliyonayo

Egemeza baiskeli, futa grisi kwa kitambaa, usome namba iliyochongwa ubavuni mwa kila spoketi ya mbele. Kama imefutika, weka alama ya chaki kwenye jino moja, zungusha na uhesabu mpaka uirudie alama. Fanya hivyo na nyuma pia, kwenye kaseti, yaani fungu la spoketi za gurudumu la nyuma, uandike spoketi zote kuanzia ndogo hadi kubwa. Karatasi hiyo itunze, maana utairudia mara nyingi.

Za mbele utakazokutana nazo ni chache. Kwa spoketi mbili: 53/39 ya wakimbiaji wa mashindano, 52/36, 50/34 inayoitwa kompakti, na zile ndogo zaidi kama 48/31 na 46/30. Kwa spoketi tatu: 52/42/30 au 50/39/30 kwenye baiskeli za barabara, 48/36/26 kwenye baiskeli za safari, na 44/32/22 kwenye baiskeli za milimani za miaka iliyopita.

Hatua ya 2: Pima mzunguko wa tairi

Jaza upepo kama kawaida yako. Weka alama kwenye tairi na sakafuni, panda juu ili uzito wako uibonyeze, mwenzako akusogeze mpaka alama iguse chini tena. Pima umbali huo. Tairi la 700 lenye upana wa milimita 25 hadi 28 hutoa takriban mita 2.1, na ndiyo namba nitakayoitumia hapa.

Hatua ya 3: Tafuta gia unayoihitaji mlimani

Hapa usiharakishe.

Nenda kwenye mlima wako mgumu ukiwa na mzigo unaoubeba siku zote. Kama unasafiri na mifuko miwili, ifunge yote miwili. Ukifika kwenye kipande kikali, tazama kasi yako pale ambapo unafanya kazi kweli lakini bado unaweza kusema sentensi fupi. Hiyo ndiyo kasi yako ya kweli. Ile uliyoifikia siku moja ukimfukuza mtu isahau.

Sasa amua unataka pedali zizunguke mara ngapi kwa dakika. Ukishuka chini ya 60 kwa muda mrefu, kila mkanyago unakuwa kama kupanda ngazi umebeba gunia, na wanaolipa ni magoti. Mimi huweka 65 hadi 70 kuwa kiwango cha chini cha mtu anayetaka kuendesha miaka mingi.

Hesabu yenyewe: chukua kasi kwa kilomita kwa saa, zidisha kwa 1000, gawa kwa 60, kisha gawa kwa mizunguko ya pedali. Jibu ni mita ambazo baiskeli inapaswa kwenda kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Gawa tena kwa mzunguko wa tairi, utapata uwiano wa meno ya mbele kwa meno ya nyuma.

Chukua mtu anayepanda kwa kilomita 7 kwa saa na anataka mizunguko 65. Saba mara 1000 gawa kwa 60 ni mita 116.7 kwa dakika. Gawa kwa 65, ni mita 1.8. Gawa kwa 2.1, ni 0.86. Huyu anahitaji gia ambayo spoketi ya mbele ni ndogo kuliko ya nyuma.

Sasa mletee kranki. Kompakti ya 50/34 yenye kaseti inayoishia meno 34 inampa 34 kwa 34, yaani 1.0. Haitoshi, na hakuna mazoezi ya wiki mbili yatakayoziba pengo hilo akiwa na mzigo. Ile ya 46/30 yenye kaseti ya 36 inampa 0.83. Amefika. Ya spoketi tatu, 48/36/26 yenye kaseti ya 34, inampa 0.76, na anabaki na akiba ya siku ya upepo mkali au uchovu.

Chukua mwingine, mwepesi, asiyebeba kitu, anayepanda kwa kilomita 10 kwa saa na kupenda mizunguko 70. Jibu lake ni 1.13. Spoketi ya 34 mbele na 30 nyuma ni 1.13 hiyohiyo. Huyu akinunua spoketi tatu, ile ndogo itakaa pale inakusanya vumbi.

Umeona kwamba katika mifano yote miwili sikuanza na mbili wala tatu. Namba ndiyo iliyochagua.

Upande wa gia nzito sitakaa sana, kwa sababu watu huutilia wasiwasi bure. Spoketi ya 46 mbele na 11 nyuma, ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika, inakupeleka zaidi ya kilomita 47 kwa saa. Kama hushindani, kasi hiyo utaipata kwenye mteremko tu, na kwenye mteremko unaweza kuacha kukanyaga.

Hatua ya 4: Tazama ngazi kati ya gia na gia

Kranki mbili zinaweza kukupa gia nyepesi ileile na bado zikawa tofauti kabisa barabarani. Jambo hili halizungumzwi vya kutosha.

Linganisha 50/39/30 yenye kaseti ya 12-25 na kompakti 50/34 yenye kaseti ya 11-28. Nyepesi kabisa ya kwanza ni 30 kwa 25, sawa na 1.2. Ya pili ni 34 kwa 28, sawa na 1.21. Mlimani hutahisi tofauti. Lakini ile 12-25 ya spoketi tisa huenda 12, 13, 14, 15, 17, 19, 21, 23, 25: vidato vifupi, na kila ukibadili gia mguu hauhisi mshtuko. Anayeendesha saa nyingi kwenye tambarare yenye upepo wa mbele anajua thamani yake. Kuna kasi moja ambayo mwili unaitaka, na gia iliyo karibu nayo lazima iwepo.

Kisha kuna kile kinachotokea unapobadili spoketi ya mbele. Uko kwenye 50, unakanyaga mara 70 kwa dakika, mlima unaanza, unaangusha cheni kwenye 34. Kwa kasi ileile, miguu sasa inatakiwa kuzunguka mara 103. Inazunguka hewani kana kwamba cheni imekatika, na papo hapo mkono wa kulia unakimbilia kuongeza gia mbili au tatu nyuma. Kwenye 48/36/26, kutoka 48 kwenda 36, sabini inakuwa 93. Unahisi badiliko, lakini hupotezi mwendo. Ukizoea, mshtuko wa kompakti unautawala kwa vidole: unaongeza gia nyuma sekunde ileile unayoangusha mbele. Wengine hulizoea hilo kwa wiki moja. Wengine hawalipendi kamwe, na hawana kosa.

Uzuri mkubwa wa spoketi tatu, kwa maoni yangu, ni ile ya katikati. Yenye 36 au 39 inabeba karibu siku nzima ya kawaida. Unapanda tuta, unavuka mji, unarudi, hujaigusa gia ya mbele hata mara moja, na cheni iko karibu kunyooka muda wote.

Lakini usidanganywe na kuzidisha. Tatu mara tisa ni 27 kwa maandishi tu. Kwenye 48/36/26 na kaseti ya 11-13-15-17-20-23-26-30-34, gawa 48 kwa 20: ni 2.4. Gawa 36 kwa 15: ni 2.4. Gawa 26 kwa 11: ni 2.36. Gia ileile mara tatu, na ile ya mwisho cheni imepinda vibaya, inasugua na kula meno. Toa zinazojirudia na zile za cheni kupinda, ubaki na gia kumi na kitu za kweli. Spoketi mbili nazo hujirudia, ila si sana kama tatu. Kwa hiyo spoketi tatu inunue kwa sababu ya upana kati ya gia nyepesi na nzito, pamoja na vidato vyake vifupi. Wingi wa gia usiwe sababu.

Hatua ya 5: Kagua vyote vinavyofuatana na kranki

Kranki haisafiri peke yake. Niliwahi kufunga ya spoketi tatu kwenye baiskeli iliyokuja na mbili, nikaacha kila kitu kingine kilivyokuwa. Dereila ya nyuma, yaani kile kifaa kinachohamisha cheni na kuivuta isilegee, ilikuwa ya mkono mfupi. Nikiwa kwenye spoketi ndogo mbele, cheni ilining'inia na kugonga fremu. Nikaipunguza pingili ili ikaze. Siku iliyofuata nikasahau, nikaweka kubwa mbele na kubwa nyuma, cheni ikakosa urefu, ikavuta dereila mbele kwa nguvu zangu zote za mguu na kulipinda lile sikio la fremu linaloishikilia. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo nafanya hesabu hii kabla ya kushika spana.

Toa idadi ya meno ya spoketi ndogo ya mbele kwenye ile ya kubwa ya mbele. Toa meno ya ndogo ya nyuma kwenye ya kubwa ya nyuma. Jumlisha majibu mawili. Kwa 48/36/26 na 11-34: 22 jumlisha 23 ni 45. Kwa 50/34 na 11-32: 16 jumlisha 21 ni 37. Kila dereila ya nyuma ina kiwango chake cha kumeza cheni, na mtengenezaji hukiandika kwenye maelezo yake. Arobaini na tano huhitaji mkono mrefu. Angalia pia spoketi kubwa ya nyuma inayoruhusiwa, maana hicho ni kikomo kingine kabisa.

Dereila ya mbele nayo haibadilishani ovyo. Ya spoketi tatu ina bamba la ndani lililoshuka zaidi ili liweze kuinua cheni kutoka kwenye ile ndogo kabisa. Ya spoketi mbili ukiilazimisha kwenye tatu, mara nyingi haifiki ndani vya kutosha. Nyingi za spoketi mbili zimetengenezwa kwa tofauti ya meno 16, kama 50 na 34. Ukizidisha hapo unajitafutia cheni kuanguka.

Kisha kishikio cha gia cha mkono wa kushoto. Kile chenye vituo viwili hakiwezi kuhudumia spoketi tatu. Chenye vituo vitatu mara nyingi kinaweza kuhudumia mbili, ukifunga kituo kimoja kwa skrubu ya kikomo ya dereila. Vile vya kizamani visivyo na vituo, vinavyoshikilia kwa msuguano, vinakubali chochote, na kwa msafiri wa mbali hiyo ni neema. Jihadhari pia na kuchanganya kranki na dereila ya baiskeli ya mlimani na vishikio vya baiskeli ya barabara: waya huvutwa kwa kiasi tofauti, na utarekebisha mpaka uchoke.

Mwisho ni ekseli ya kranki. Kwenye zile zenye ncha ya mraba, spoketi tatu huhitaji ekseli ndefu kuliko mbili, kwa hiyo huenda ukainunua nayo pia. Kwenye za kisasa zenye ekseli nene ya milimita 24 iliyoungana na mkono wa kranki, mara nyingi beringi zilezile zinabaki. Ukitaka uhakika, pima kutoka katikati ya bomba la kiti hadi katikati ya spoketi. Kwa mbili, katikati ni nafasi iliyo baina yao. Kwa tatu, ni ile ya kati. Baiskeli za barabara huwa milimita 43.5 kwa mbili na 45 kwa tatu. Za milimani huwa 47.5 au 50.

Hatua ya 6: Sikiliza magoti

Spoketi ya tatu inasukuma mikono ya kranki nje. Kwenye baiskeli ya barabara nyayo zinaweza kutengana kwa takriban sentimita moja zaidi. Wengi hawahisi. Mwenye nyonga nyembamba au goti lenye historia anaweza kuhisi baada ya saa mbili. Azima baiskeli ya namna hiyo ukaiendeshe safari ndefu kabla ya kuamua, na mwenzako akutazame kwa mbele kama magoti yanapanda wima au yanachora duara.

Uzito nautaja kwa sababu wengine huuweka mbele: spoketi ya tatu, bolti zake na mkono mrefu wa dereila huongeza kiasi kidogo, ambacho chupa ya maji iliyojaa hukizidi kwa mbali. Kwa mtu wa mashindano ni jambo. Kwa wengine wote, silihesabu.

Hatua ya 7: Amua

Ukibeba mzigo, ukisafiri siku nyingi, ukipita milima mikali na tambarare ndefu katika safari moja, chukua spoketi tatu, na 48/36/26 kabla ya 50/39/30. Usione haya kwamba wengine wanaiita ya zamani. Imetoweka kwenye vifaa vya bei ya juu: pale Shimano, watengenezaji wa vifaa vya baiskeli, walipotoa seti za gia za Ultegra 6800 mwaka 2013 na 105 5800 mwaka 2014, zenye spoketi 11 nyuma, hakukuwa tena na toleo la spoketi tatu. Lakini seti zao za bei nafuu, Claris R2000 na Sora R3000, zilizokuja baada ya hapo, bado zilikuwa nalo. Kutoweka kwenye baiskeli za mashindano hakumaanishi kwamba milima ya wasafiri imelala.

Ukiendesha mwepesi, kwa kasi, na hesabu yako ya hatua ya 3 ikatoka 1.1 au zaidi, chukua kompakti ya 50/34 na kaseti inayofaa. Utapata vifaa kwa urahisi, dereila ya mbele ni rahisi kurekebisha na haisumbuisumbui.

Kama uko katikati, hesabu ikatoka kati ya 0.83 na 1.1, na huna tambarare nyingi za upepo, 46/30 ndiyo ninayoipendekeza zaidi siku hizi. Ukiiwekea 11-36, hesabu ya cheni ni 16 jumlisha 25, yaani 41, kwa hiyo hakikisha dereila ya nyuma inameza kiasi hicho. Ya mbele nayo iwe ni aina iliyotengenezwa kwa spoketi ndogo hivi, kwa sababu ile ya 50 ina mkunjo mpana mno.

Na kabla hujatoa pesa, kuna njia ya nne: bakiza kranki yako, badili kaseti tu. Nimeona watu wengi tatizo lao likiisha hapo.

Hatua ya 8: Funga na ujaribu

Ikiwa kranki ni ya ekseli ya milimita 24 ya Shimano, zile bolti mbili za mkono wa kushoto zikaze kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka 12 hadi 14 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Dereila ya mbele iweke ili bamba lake la nje lipite juu ya meno ya spoketi kubwa kwa milimita 1 hadi 3, na liwe sambamba nayo ukilitazama kwa juu. Likiwa juu zaidi ya hapo, cheni inachelewa kupanda na huanguka kirahisi.

Urefu wa cheni: izungushe kwenye spoketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye dereila, ikutane, kisha ongeza pingili mbili. Kata hapo. Ikilegea kidogo kwenye ndogo kwa ndogo, vumilia na uikwepe gia hiyo. Ikikosa urefu kwenye kubwa kwa kubwa, usipande baiskeli hiyo.

Baiskeli ikiwa imening'inizwa, zungusha pedali kwa mkono taratibu na upitie kila gia, pamoja na zile ambazo hutazitumia. Skrubu ya kikomo cha ndani ya dereila ya mbele ikaze mpaka cheni isiweze kuangukia upande wa fremu, lakini iendelee kuifikia spoketi ndogo bila kusitasita. Kisha toka nje, panda mlima mfupi, na katikati ya mlima, ukiwa umepunguza nguvu miguuni, angusha cheni kwenye ndogo. Irudie mara kumi. Ikianguka hata mara moja, rudi kwenye skrubu kabla ya kufunga mzigo.

Ukimaliza, nenda kwenye ule mlima wa hatua ya 3 na mifuko ileile, uhesabu mizunguko ya goti moja kwa dakika nzima.